Je, chombo cha uokoaji kinaweza kuwawahi wanaanga walio njiani kwenda Mirihi?

SWALI: Naandika filamu fupi ya kubuni ya kisayansi. Wanaanga watano wako njiani kwenda Mirihi. Baada ya miezi minne ya safari injini yao kuu inaharibika na hewa inaanza kupungua. Kutoka Duniani kinarushwa chombo cha uokoaji chenye nguvu zaidi, kinawafikia baada ya wiki tatu, oksijeni ikiwa imebaki ya dakika nne tu, kisha wote wanarudi nyumbani. Kaka yangu anapenda sana sayansi. Ameusoma mswada akasema hauna mantiki hata kidogo, na kwamba filamu zote za aina hii ni uongo mtupu. Mimi naona chombo chenye kasi zaidi lazima kifike, maana angani hakuna hata upepo wa kukizuia. Na hao walioharibikiwa, kwa nini wasigeuze tu wakarudi? Nani kati yetu yuko sahihi, na hadithi yangu inaokoleka?

JIBU: Nashukuru kwamba umeniwekea namba: miezi minne, wiki tatu, dakika nne. Mabishano mengi kuhusu filamu za anga hayaishi kwa sababu hakuna anayetaja namba. Wewe umezitaja, kwa hiyo tunaweza kukaa tukahesabu.

Nikikuelewa vizuri, unauliza kama uokoaji huo unawezekana, na kama hauwezekani, je, uitupe hadithi? Kwa swali la kwanza kaka yako yuko sahihi: wiki tatu haziwezekani kwa injini yoyote tuliyo nayo. Kwa la pili, usitupe kitu. Na hapo kaka yako aliposema filamu zote ni uongo amezidisha, kwa sababu watu wamewahi kuokolewa angani kweli, na namna walivyookolewa inasisimua kuliko mbio za roketi mbili.

Tuanze na huo upepo usiokuwepo. Ni kweli, angani hakuna hewa ya kukizuia chombo. Lakini hapo hapo ndipo tatizo lilipo. Gari likitaka kukata kona, matairi yanashika barabara. Likitaka kusimama, breki na barabara vinasaidiana. Chombo cha anga hakina cha kushika. Kuongeza mwendo, kupunguza, kukata kona, kurudi, kila kimoja kinalipiwa kwa mafuta yaliyobebwa tangu mwanzo. Chombo kinachokwenda Mirihi kwa injini za kawaida huwasha injini kubwa kwa dakika chache tu kinapoondoka karibu na Dunia, kisha huzima. Miezi yote inayofuata kinaenda kama jiwe lililokwisha kurushwa, kikipinda polepole kwa nguvu ya uvutano ya Jua.

Kisha kumbuka kwamba hakuna aliyesimama. Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde, na chombo kilipoondoka kiliondoka na kasi hiyo hiyo, kikaongeza kidogo juu yake. Mirihi nayo inakimbia kwenye njia yake. Kwa hiyo kwenda Mirihi ni kama kupiga pasi ndefu kwa mchezaji anayekimbia: mpira haupigwi alipo, unapigwa mahali atakapokuwa. Pasi hii huchukua miezi sita hadi tisa, na nafasi nzuri ya kuipiga hurudi kila baada ya miezi 26 hivi.

Hiyo miezi 26 ndiyo namba ninayotamani kila mwandishi wa hadithi za Mirihi aibandike ukutani. Mwezi Julai 2020, Umoja wa Falme za Kiarabu, China na Marekani walirusha vyombo vyao kuelekea Mirihi ndani ya wiki mbili, na vyote vikafika Februari 2021. Hawakuwa wakishindana nani awahi. Mlango ulikuwa umefunguka, na kila aliyekuwa tayari alipita. Asiyekuwa tayari hungoja. Chombo cha InSight cha Marekani kilitakiwa kuondoka Machi 2016. Kifaa chake cha kupimia mitetemo kikagunduliwa kinavuja. Uvujaji wenyewe ulikuwa mdogo, lakini chombo kiliondoka Mei 2018. Wahandisi hawakuhitaji miaka miwili kuziba tundu. Waliingoja Mirihi.

Sasa chombo chako. Nimechukua njia ya kawaida ya kwenda Mirihi, ile inayotumia mafuta kidogo, nikahesabu wanaanga wako wako wapi baada ya siku 120. Wako kama kilomita milioni 54 kutoka Duniani. Wiki tatu baadaye, waokoaji watakapotakiwa kufika, umbali umeshakuwa zaidi ya milioni 75. Kuumaliza umbali huo kwa siku 21 kunataka mwendo wa kilomita 40 na zaidi kwa sekunde. Binadamu waliowahi kwenda kasi kuliko wote, wanaanga wa Apollo 10 mwaka 1969 wakirudi kutoka Mwezini, walifikia kilomita 11 kwa sekunde.

Na kufika peke yake hakutoshi. Hili ndilo filamu nyingi husahau. Waokoaji wakifika na kasi hiyo bila kufunga breki, watawapita wenzao kama risasi. Ni lazima mwendo wao ulingane na wa wale wanaookolewa, la sivyo hakuna mlango utakaofunguliwa. Kwa hiyo wanatumia mafuta kuongeza mwendo, halafu wanatumia mengine karibu sawa na hayo kuupunguza. Ukijumlisha, injini zao zinatakiwa kubadilisha mwendo kwa zaidi ya kilomita 60 kwa sekunde. Chombo cha kawaida kuondoka kwenye mzunguko wa Dunia kwenda Mirihi kinahitaji 3.6 tu.

Utasema, basi tuwape mafuta mara kumi na saba. Laiti hesabu ingekuwa hivyo. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa Kirusi, aliandika mwaka 1903 kanuni inayotutesa mpaka leo: mafuta yana uzito, na uzito huo nao unahitaji mafuta ya kuusukuma. Kwa injini bora za hidrojeni na oksijeni, kila kilomita 4.4 kwa sekunde unazoongeza zinazidisha uzito wa kuondokea karibu mara tatu, kisha mara tatu tena juu ya hapo, na tena. Ukifika 60, kila kilo moja unayotaka ifike inadai zaidi ya kilo laki nane wakati wa kuondoka. Hapo bado hatujahesabu kurudi.

Na kwa nini wasigeuze? Kwa sababu hiyo hiyo. Kugeuza angani maana yake ni kuufuta mwendo wote ulio nao, kisha kuanza mwingine wa kurudi, na wao injini kuu imekufa. Mfano ulio karibu nasi ni safari ya Mwezini ya Apollo 13. Tarehe 13 Aprili 1970, wanaanga watatu wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka Duniani, tangi la oksijeni lililipuka. Hawakugeuza. Waliendelea mbele, kuelekea Mwezi ule ule ambao hawakuweza tena kutua, wakapita nyuma yake ili uvutano wake uwapinde na kuwarudisha. Kwa injini ndogo ya chombo cha kutua Mwezini walirekebisha njia, wakaharakisha safari kwa karibu saa kumi, wakaanguka baharini salama tarehe 17 Aprili. Hakuna chombo chochote kilichorushwa kuwafuata. Hakuna ambacho kingefika.

Hata karibu kabisa na Dunia, wazo la "nitaongeza mwendo nimfikie" linadanganya. Juni 1965 rubani wa chombo cha Marekani cha Gemini 4, James McDivitt, alijaribu kulisogelea pipa la roketi yake lililokuwa linaelea mbele yake. Alilielekea, akasukuma, likazidi kumkimbia, na mafuta mengi yakatumika bure hadi wakaacha. Ukiongeza mwendo ukiwa kwenye mzunguko, njia yako inapanda juu zaidi, inakuwa ndefu zaidi, na unachelewa. Anayetaka kumfikia aliye mbele yake hupunguza mwendo ili ashuke kwenye njia ya ndani iliyo fupi, azunguke upesi kuliko mwenzake, kisha apande wakati wake ukifika. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwenye mzunguko wa Dunia, na aliye mbele mfuate kwa kushuka. Desemba mwaka huo huo, baada ya hesabu kueleweka vizuri, Gemini 6A na Gemini 7 zilisogeleana hadi kama sentimita 30.

Kwa hiyo ukiona katika filamu mwanaanga akiruka kutoka darubini ya Hubble hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kaka yako ana haki ya kulalamika. Vyote viwili viko juu ya Dunia kwa mamia machache ya kilomita, lakini njia zao zimepishana pembe: Hubble imeinama digrii 28.5 kutoka Ikweta, kituo digrii 51.6. Kuinamisha njia kwa tofauti hiyo kunataka kama kilomita 3 kwa sekunde, na zile ndege za anga za Marekani zilibeba mafuta ya kama sehemu moja ya kumi tu ya hapo. Ndiyo maana Mei 2009, Atlantis, moja ya ndege hizo, ilipokwenda kuitengeneza Hubble kwa mara ya mwisho, nyingine, Endeavour, ilikuwa imesimamishwa kwenye uwanja wa pili wa kurushia, tayari kwenda kuwachukua wanaanga wake.

Walijifunza hilo kwa uchungu. Tarehe 16 Januari 2003 ndege nyingine ya aina hiyo, Columbia, ilirushwa ikiwa na watu saba. Sekunde 82 hivi baada ya kuondoka, kipande cha povu gumu kiliipiga bawa la kushoto. Wale saba walifanya kazi zao juu kwa zaidi ya wiki mbili, na tarehe 1 Februari chombo kikavunjika wakiwa wanarudi. Baadaye wachunguzi waliuliza swali ambalo wewe unaliuliza: je, wangeweza kufuatwa? Jibu lililotoka ndilo somo bora la uokoaji ninalolijua. Kama wangebana matumizi, wanaanga wangeishi hadi kama tarehe 15 Februari. Atlantis, iliyokuwa inaandaliwa kwa safari nyingine, ingeweza kuharakishwa ikawa tayari kama tarehe 10, watu wakifanya kazi usiku na mchana. Siku tano. Zingetosha, lakini kwa sharti kwamba ufa ungejulikana mapema, katika siku za kwanza za safari, na mtu akaamua siku hiyo hiyo.

Nakuomba ulitazame hilo vizuri kama mwandishi. Uokoaji ule haukushindikana kwa sababu ya umbali wala kasi. Columbia ilikuwa pale juu, kilomita mia mbili na kitu kutoka vichwani mwetu. Kilichokosekana ni picha moja ya bawa na uamuzi mmoja uliotakiwa kufanywa mapema, wakati kila mtu bado alikuwa anacheka.

Uokoaji uliofaulu nao una sura hiyo hiyo ya kungoja. Desemba 2022 chombo cha Soyuz kilichounganishwa na kituo cha anga kilianza kuvuja maji ya kupozea. Chombo kingine kikapelekwa kitupu Februari 2023, lakini watu watatu waliokuwa warudi Machi walirudi Septemba, baada ya siku 371. Mwaka 2024 wanaanga wawili walikwenda kituoni kwa safari ya kama siku nane, chombo chao kikaonekana hakiaminiki, wakarudi Machi 2025 kwa chombo kingine kilichopanda na viti viwili vimeachwa wazi kwa ajili yao. Wakati huo huo vyombo vya Soyuz vimewahi kufika kituoni kwa saa tatu tu tangu kurushwa. Saa tatu njiani, miezi kadhaa ya kungoja. Muda wa uokoaji unaliwa Duniani, katika kuandaa roketi, kupata kiti na kulinganisha ratiba. Njiani hauliwi.

Sasa zile dakika nne. Hapa nitakutetea mbele ya kaka yako. Kufika kwa muda mwembamba kunawezekana kabisa. Mfano wa Columbia ulikuwa na mwanya wa siku tano katika mpango wa wiki nne. Kisichowezekana ni kushtukiza. Angani kila mtu anajua saa ya kufika miezi mingi kabla, karibu kwa dakika. Kama akiba haifiki, wanajua haifiki. Hakuna anayekodolea macho mlango akijiuliza watakuja au hawatakuja. Watu watano wanaojua kwamba hewa yao inaisha tarehe 9 na msaada unafika tarehe 12, wakiwa na wiki kumi za kuishi na jambo hilo, hao wana hadithi nzito kuliko saa ya ukutani inayohesabu kurudi nyuma.

Rekebisha pia kitu kimoja: kwa kawaida oksijeni haiwi ya kwanza kuua. Mtu mmoja anatumia kama gramu 840 za oksijeni kwa siku na anatoa takriban kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Ndani ya chombo kilichofungwa, hiyo anayoitoa humlewesha na kumuumiza kichwa, kisha humuua, hata oksijeni ikiwa bado ipo. Kilichoweka ukomo wa siku za Columbia katika hesabu ya wachunguzi ni makopo ya kusafishia kaboni dayoksaidi. Apollo 13 nao walikaribia kukwama hapo hapo, wakalazimika kuunganisha kisafishio cha mraba kwenye tundu la duara kwa mabomba, plastiki na utepe wa gundi. Mkusanyiko huo wa taratibu una faida kwako: watu wanaanza kusahau, kukasirika, kukosea hesabu. Kamera inaona hayo. Oksijeni inayoisha ghafla haionekani.

Na simu yao ya msaada, kwa umbali ule wa kilomita milioni 54, inachukua dakika tatu kufika na tatu nyingine jibu kurudi. Nimeona katika mswada wa namna hii watu wakijibizana kama wako chumba kimoja. Ziache zile dakika sita ziwe kimya.

Basi ufanye nini? Njia rahisi ni kuisogeza ajali karibu, kwenye mzunguko wa Dunia. Utapata uokoaji wa siku au wiki, roketi iliyokuwa inangoja, mabishano ya kuamua. Utapoteza Mirihi na upweke wake. Sikushauri, kwa sababu naona upweke ndio ulikuvuta kuandika.

Njia nyingine ni kubuni injini. Ni halali, hii ni bunilizi. Ila ujue unachokinunua. Injini inayoweza kusukuma bila kukoma kwa nguvu sawa na uzito wetu hapa Duniani inafika Mirihi ikiwa karibu kwa siku mbili hivi, ikipita katikati ya safari kwa zaidi ya kilomita 700 kwa sekunde. Mtazamaji atauliza mara moja: kama injini hiyo ipo, wale wa kwanza walipewa ya kizamani kwa nini? Ukiwa na jibu la kweli, pengine ndiyo kwanza imejaribiwa na haiaminiki, hadithi inasimama. Bila jibu, inaanguka hapo.

Mimi ningechagua ya tatu, ambayo wapangaji wa safari za kweli huifikiria: waokoaji watangulie. Usimrushe mtu kutoka nyuma. Wanaanga wako wanaendelea mbele kama Apollo 13, waizunguke Mirihi iwapinde kuwarudisha. Mwaka 2013 tajiri wa Kimarekani Dennis Tito alitangaza mpango wa aina hiyo kwa watu wawili, kuondoka Januari 2018 na kurudi baada ya siku 501. Haukufanyika, lakini njia yenyewe ilikuwa ya kweli, ingawa fupi kama hiyo ni adimu na nyingi huchukua miaka miwili au zaidi. Sasa chukulia kwamba katika mlango uliopita, miezi 26 kabla, shehena ya chakula, maji na makopo ya kusafishia hewa ilipelekwa kwenye mzunguko wa Mirihi kwa ajili ya kikosi kingine. Wanaanga wako watapita karibu nayo mara moja tu. Shehena iondolewe pale ilipo, isukumwe ilingane na mwendo wao, ikutane nao. Ikitumika, kikosi cha baadaye kitakuwa hakina kitu. Nani anaamua? Nani alipigania miaka miwili nyuma shehena hiyo ipelekwe wakati wengine waliiona ni hasara? Huyo ndiye mwokozi wako, na huenda wakati wa ajali alishastaafu.

Namba nilizokupa ni za makadirio. Zinatosha kuandikia rasimu. Lakini kama hadithi itategemea tarehe kamili, au kama unakaribia kutumia fedha za watu kupiga picha, usiishie kwenye maandishi yangu. Keti ana kwa ana na mtu anayefundisha mwendo wa vyombo vya anga au astronomia katika chuo kikuu kilicho karibu nawe. Wengi hufurahi kuulizwa. Mpelekee tarehe ya kuondoka Duniani, siku ya ajali, uzito wa chombo na akiba ya watu watano, naye atakuchorea njia yao na kukuambia siku watakayoipita Mirihi. Mchukue na kaka yako. Maswali yake yatasaidia.